Maswali ya Wasomaji: Kambare Wadogo Wanaopoteza Sharubu

SWALI: Nina Corydoras wanne wa rangi ya shaba kwenye tangi la lita 60 lenye changarawe za rangi. Muuzaji alisema hawana haja ya kulishwa, watafagia mabaki ya wenzao. Sasa sharubu zimewafupika, wawili hawana kabisa, na kutwa wanapanda juu kuvuta hewa. Wanaumwa nini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ubaya uko kwenye sakafu ya tangi. Corydoras hutafuta chakula kwa kuzamisha pua chini, akachota mchanga na kuutolea kwenye mashavu. Kwenye changarawe hawezi. Mabaki nayo huteleza katikati ya mawe, yanaoza huko, na bakteria wa uozo huo ndio hasa wanaokula sharubu. Kwa hiyo hata changarawe za mviringo hazimwokoi kama chini kuna uchafu.

Weka mchanga laini wa mtoni, kina cha sentimita 2 hadi 3. Chekecha, kisha osha kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Wa baharini achana nao: una chumvi, na vipande vya makombe hupandisha ugumu wa maji. Changarawe zitoe kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, maana zimebeba pia bakteria wazuri wanaosafisha amonia (sumu itokanayo na kinyesi na mabaki), na kipindi hicho usiguse sponji ya kichujio, wanakokaa wengine. Sharubu huota tena, ila zikiisha hadi shinani usitegemee sana.

Kupanda juu mara moja moja ni kawaida yao. Humeza hewa, utumbo ukachukua oksijeni. Wakifanya hivyo wote, mfululizo, pima maji. Amonia na nitriti (sumu nyingine, itokanayo na amonia) zinatakiwa kuwa sifuri. Ukikuta amonia imefika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji leo na nusu nyingine kesho, maji ya bomba yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Baada ya hapo, robo kila wiki.

Halafu kuna joto. Hawa wanapenda nyuzi 22 hadi 26, na Dar mwezi Februari maji ya tangi hupita hapo bila hita yoyote. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ondoa kifuniko, weka wavu, elekeza feni ndogo usoni mwa maji (hupoza nyuzi mbili tatu), na ujazie yanayokauka.

Kuhusu kufagia: hakuna Corydoras anayeishi kwa kinyesi cha wenzake. Wape vidonge vinavyozama, usiku taa zikishazimwa, wasije wakapokonywa na samaki wa juu. Kilichobaki asubuhi kinyonye kwa mpira wa maji. Na waongeze wafike sita, maji yakishatulia. Wakiwa wachache hujificha.

SWALI: Nikiwahamisha Corydoras wangu wananasa kwenye wavu. Nivute?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Usivute. Akishtuka, miiba ya mapezi ya mgongoni na ubavuni hujifunga wima, na kuvuta kutaikwanyua. Rudisha wavu majini, subiri alegee; akigoma, kata nyuzi kwa mkasi. Siku nyingine msukumie kwenye bakuli. Mkono usimshike, mwiba wake unauma kweli.