Litografu ya awali ya Familia Takatifu: kwa wanaoanza kazi ya kuchunguza chapa

Ukikabidhiwa picha ya zamani ya Maria, Yosefu na Mtoto iliyochapwa kwa jiwe (litografu), usianze na sura zao, anza na wino. Mada hii imechorwa karne nyingi kwa kila mbinu, hivyo yenyewe haikuambii picha ni ya lini wala ilichapwaje.

Chukua ile ambayo Vivant Denon, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, enzi za Napoleon, aliichora juu ya jiwe huko Munich, Ujerumani, mwaka 1809. Mbinu ilikuwa bado changa. Alois Senefelder aliivumbua katika mji huohuo kati ya 1796 na 1798. Msanii huchora kwa krayoni au wino wa sabuni, nta, shahamu na masizi juu ya jiwe la chokaa, hasa la Solnhofen. Jiwe hupakwa gundi arabu iliyotiwa asidi ya nitriki kidogo, hulowanishwa, kisha hupitishiwa rola ya wino wa mafuta. Wino hushika penye mchoro na kukataa penye maji. Asidi ikizidi, vivuli hafifu huliwa. Ikipungua, wino hujaa na sehemu za giza hugeuka doa moja. Makosa hayo yatafute kwenye mikunjo ya nguo na kivuli cha chini ya kidevu, maana ndipo yanapojitokeza kwanza.

Nawa mikono na uikaushe kabisa kabla ya kugusa karatasi. Tumia lensi ya kukuza mara 10. Krayoni huacha chembechembe zisizo na mpangilio, zinazofuata ukwaru wa jiwe. Ukiona nukta zilizojipanga kwa safu, hiyo ni nakala iliyochapwa kiwandani miaka mingi baadaye. Mistari ya kalamu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu inafanana na chapa ya bamba la shaba. Laza taa pembeni: wino wa bamba la shaba huinuka kidogo juu ya karatasi, wa jiwe hulala bapa. Bamba la shaba pia huacha mfinyo kuzunguka picha, lakini kutouona mfinyo si ushahidi, kwani kingo za karatasi huenda zilikatwa zamani.

Alama ya kidole yenye wino uleule wa picha huenda ilitoka kwenye jiwe, maana mafuta ya ngozi ya mkono hushika wino kama mchoro. Hiyo ni sehemu ya chapa. Usiiguse kwa kifutio.

Inua karatasi mbele ya mwanga utafute alama ya maji, yaani alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Ikiwa na mwaka, ujue chapa haiwezi kutangulia mwaka huo, ingawa inaweza kuwa ya baadaye sana. Karatasi ya massa ya mbao iliyogeuka kahawia na kukatika kingo haiwezi kuwa ya 1809.

Usishangae Yosefu akishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Jiwe hugeuza picha, na hata sahihi hutoka kinyume kama msanii hakuiandika kinyumenyume.

Jina la mada liandike kwa uangalifu. Mathayo 2:13–15 inataja safari ya kwenda Misri, lakini pumziko la njiani ni mapokeo ya wasanii, kwa hiyo punda au mzigo ndivyo vitakavyokuonyesha kama picha ni ya pumziko hilo. Akiwepo Elizabeti na Yohana mtoto, wataje. Vipimo viwe kwa milimita, urefu wa wima kwanza, picha na karatasi kila kimoja peke yake.

Katika kuihifadhi, unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50 na mwanga wa maonyesho usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza). Ishikize kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwenye ukingo wa juu tu. Ukiibana pande zote, unyevu ukibadilika itajikunja au kuchanika. Ukikuta selotepu ya zamani nyuma yake, usiibandue. Mpelekee mhifadhi wa karatasi.