Barua kwa mwanangu: kwa nini Getruda

Mwanangu Getruda,

Salamu nyingi kutoka Songea. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na baba yako haonekani nyumbani mpaka jioni.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wenzako wa hapo nyumba ya wazee walicheka kuona jina lako kwenye beji, maana kina Gertrud wote wanaowajua ni wale mnaowalisha uji. Ukauliza tulikuwa na akili gani kumpa mtoto mchanga jina la kibibi cha Kijerumani.

Hawakukosea sana. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920, wasichana wengi wa Ujerumani waliitwa hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wazazi wakaliacha. Siku hizi wamerudia Emma, Frieda, Ida na Mathilda, ambayo ni majina ya rika lile lile, ila Gertrud wamelipita. Mimi nadhani ni zile r mbili, zinakwaruza. Huku kwetu r ya kwanza tuliitupa, tukatia a mwishoni, likakaa vizuri mdomoni.

Lakini wewe sikukutolea huko. Uliitwa la bibi yako, mama yangu, naye alibatizwa kwa Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Enzi hizo hubatizwi bila jina la mtakatifu, na wamisionari walitoa waliyokuja nayo: Getruda, Matilda, Hilda, Walburga. Ndiyo maana huku ukiita "Getruda!" sokoni wanageuka watatu, na mmoja ana sare ya shule.

Somo wenu, Mtakatifu Getruda, alizaliwa mwaka 1256. Akiwa na miaka kama mitano alipelekwa monasteri ya Helfta, kule Saksonia, Ujerumani, akakulia humo, akasoma na kuandika Kilatini kuwapita mapadri wengi wa wakati wake. Unaikumbuka picha iliyokuwa juu ya kitanda cha bibi, mtawa ameshika fimbo ya abesi, yaani mama mkuu wa monasteri? Ile fimbo si yake. Abesi wa Helfta alikuwa Gertrud mwingine, wa Hackeborn, na watu wamewachanganya hao wawili kwa karne nyingi. Bibi nilipomweleza alisema basi waiache tu, imempendeza. Sikukuu yake ni 16 Novemba, usisahau kwenda misa.

Tena jina lenyewe halina uzee wowote. Wajerumani wa kale waliunga maneno mawili, hasa ya vita: lako ni mkuki na nguvu. Matilda na Hilda nayo ni vita vitupu, kwa hiyo masista wetu wapole wana silaha bila kujua.

Na waambie habari za Gertrude Ederle, binti wa wahamiaji wa Kijerumani kule New York. Mwaka 1926 aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa saa kumi na nne na nusu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na muda wake uliwashinda wanaume wote waliomtangulia.

Kwangu lakini wa kwanza ni Mama Getrude Mongella, Mtanzania mwenzetu. Septemba 1995 alipoongoza ule mkutano wa wanawake wa Beijing, mimi nilikuwa na mimba yako, redio naiweka dirishani nikichambua maharage. Kila wakimtaja Getrude, bibi yako anaitika "abee!" kutoka jikoni, tunacheka. Baba yako alikuwa na jina lake lingine kabisa; likafia hapo. Mwaka 2004 Mama akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, wewe uko darasa la pili, ukaenda kuwatambia wenzako.

Sasa yule bibi Gertrud wa chumba cha mwisho, anayekukatalia dawa: muulize nyumbani kwao walimwitaje. Kama ametoka Bavaria huenda alikuwa Traudl, kwingine Trude au Trudi. Mwite hivyo asubuhi, halafu unipigie uniambie kama dawa amekunywa.

Mama yako