Maswali ya Wasomaji: Kingamwili Moja, Mistari Mitatu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa baiolojia ya seli. Nilitenganisha protini kwenye jeli, nikazihamishia kwenye utando, kisha nikatumia kingamwili inayotambua mkia wa ndani wa VEGFR-3, kipokezi kinachochochea ukuaji wa mishipa ya limfu. Nilitarajia mstari mmoja (kila mstari ni protini ya ukubwa fulani), nikapata mitatu. Je, kingamwili hiyo ni mbovu? Tena, je, yatosha peke yake kuthibitisha kwamba mshipa ninaouona kwenye tishu ni wa limfu?

JIBU: Usiitupe bado, kwa maana huenda inasema kweli. Kipokezi hicho hutengenezwa kikiwa mnyororo mmoja wa takriban kilodaltoni 175 (kipimo cha uzito wa molekuli), ambao hufikia 195 ukishakamilishiwa sukari zake; kisha hukatwa katika eneo la tano kati ya maeneo yake saba ya nje ya seli, na vipande viwili hubaki vimeshikamana kwa daraja la salfa. Kemikali inayovunja madaraja hayo wakati wa kuandaa sampuli huviachanisha, kimoja kikiwa na kilodaltoni 125 na kingine 75. Kwa kuwa mkia umo katika kile kikubwa, mistari ya 195, 175 na 125 ndiyo hasa ya kutarajiwa. Mashaka yaanze iwapo mistari hiyo itajitokeza pia katika seli zisizo na kipokezi hicho, jaribio ambalo wengi huliruka kwa haraka zao.

Kuhusu swali la pili, jibu ni hapana. Katika kiinitete cha mwanzo kipokezi hiki huonekana hata kwenye mishipa ya damu, na ingawa baadaye hubaki zaidi kwenye ile ya limfu, hurudi katika mishipa mipya ya damu ndani ya uvimbe wa saratani. Tishu hiyohiyo ipake pia kingamwili ya PROX1, protini inayokaa kwenye kiini cha seli za limfu. LYVE-1, protini nyingine ya seli za limfu, husaidia, ila hupatikana pia kwenye baadhi ya makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu.

Kumbuka vilevile kwamba rangi ya kingamwili huonyesha kuwepo kwa kipokezi, wala si utendaji wake. Katika ugonjwa wa Milroy, unaovimbisha miguu tangu utotoni, mabadiliko ya FLT4, jeni ya kipokezi hiki, mara nyingi huzima kimeng'enya cha kipokezi huku protini yenyewe ikiendelea kutengenezwa. Kama unachotafuta ni utendaji, chochea seli kwa VEGF-C, protini inayokiamsha kipokezi hiki, kisha upime fosfeti zilizobandikwa kwenye kipokezi, ambazo ni ishara kwamba kimeamka.