Jibu kwa baba aliyeambiwa asijihusishe na hedhi ya binti yake

Ndugu yangu, umesema binti yako wa miaka 12 amevunja ungo, mama yake kampiga marufuku kugusa vyombo vya jikoni akiwa mwezini, na wewe umeambiwa hayo si ya baba. Nina mabinti wawili, na katazo hilo hilo lilikuwepo kwetu. Usinyamaze.

Taratibu za ibada kila dini ina zake, hizo sizigusi. Lakini chakula hakiharibiki kwa kupikwa na msichana aliye kwenye siku zake. Damu ile ni utando wa mfuko wa uzazi uliojiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni hushuka, utando unabomoka na kutoka. Kinachoniuma zaidi ni anachojifunza mtoto: kwamba yeye ni mchafu, basi ajifiche. Mkubwa wetu alijificha kwelikweli. Alifua vitambaa vyake usiku, akavitandaza chini ya godoro, asubuhi akavivaa vikiwa na unyevu. Mama yake alivikuta akibadilisha mashuka, wakati mtoto ameshalalamika kuwashwa muda mrefu. Kitambaa cha hedhi kinataka sabuni, maji safi na jua. Unyevunyevu huchubua ngozi na kualika fangasi. Nikafunga kamba upande unaopigwa na jua, nikasema vianikwe pale pamoja na nguo nyingine.

Sikugombana na mke wangu, nawe nakusihi usigombane na wako. Nilimuuliza tu, alipovunja ungo yeye aliambiwa nini. Akasema: "Sasa ukicheza na wavulana utapata mimba." Mafunzo yakaishia hapo! Wengi walirithishwa woga bila maelezo. Tuliongea hadi usiku sana, na aliyeliondoa lile katazo ni yeye mwenyewe.

Wewe anza na taulo za kike. Ziingie kwenye manunuzi ya nyumbani kama sabuni inavyoingia, asilazimike kuomba. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6. Mwambieni pia kwamba miaka ya mwanzo siku huyumba, asiogope. Chango likimbana apewe dawa ya maumivu, asiambiwe avumilie kwa kuwa ni mwanamke. Akilowesha taulo ndani ya saa moja au mbili, damu ikipita siku 7, au maumivu yakimkosesha shule, mpelekeni hospitali, na wewe baba uende.