Mdogo wake amempita chuoni, kaka mtu amevunjika moyo

SWALI: Assalaam alaykum. Nina watoto wawili, tunaishi Tandika. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 12, yuko darasa la sita. Mdogo wake ni binti wa miaka 9. Wanasoma madrasa moja. Ramadhani iliyopita binti alishinda mashindano ya kuhifadhi juzuu tatu, akapewa baiskeli. Kaka yake ndiye aliyetangulia kuanza chuo, lakini bado yuko kwenye juzuu ya kwanza. Ukoo mzima unapiga simu kumpongeza binti. Kaka mtu amekuwa mkimya, na kila ikikaribia saa ya kwenda chuo anasema tumbo linamuuma. Wiki iliyopita nimekuta tairi la ile baiskeli limetobolewa kwa msumari. Nilimchapa, na sasa najuta. Baba yao anataka tumnunulie na yeye baiskeli, anasema tumeamrishwa uadilifu baina ya watoto. Mimi naona tuache kumsifia binti mbele ya kaka yake. Nani yuko sahihi?
Mama wa Wawili, Tandika

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Nyote wawili mnamhurumia mtoto, na hilo ni jema. Hata hivyo, nawaomba msifanye lolote kati ya hayo mawili.

Nianze na baiskeli. Hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi yeye peke yake na Mtume akamwambia baba huyo afanye uadilifu baina ya watoto wake, naijua, na naelewa mumeo anatokea wapi. Mimi si sheikh, lakini pale mtoaji alikuwa mzazi. Hii baiskeli haikutoka mfukoni mwa baba, binti ameipata kwa kuhifadhi. Mkimnunulia kaka yake nyingine kesho, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua kwamba amebembelezwa. Mtoto wa miaka 12 hadanganyiki kwa hilo. Akihitaji baiskeli ya kwendea shule, mnunulieni siku nyingine kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mashindano.

Kumnyima binti sifa nako kuna hasara yake. Atajifunza kwamba akifanya vizuri, watu wa nyumbani wananuna. Na kaka, akiwaona mnanong'ona, ataamini kweli kwamba aibu yake ni kubwa kiasi cha kutotajwa. Mpeni binti hongera zake waziwazi, zikiisha ziishe. Mwiba uko kwenye zile zinazorudiwa kila mgeni akiingia: "Huyu ndiye hafidhi wetu," halafu macho yote yanahamia kwa mkubwa: "Na wewe je?" Hilo "na wewe je" lipigeni marufuku ndani ya nyumba, hata kama anayelisema ni bibi. Wewe na mumeo mna haki ya kumwambia mgeni, kwa adabu, kwamba hapa hatuwalinganishi.

Kwa nini inamuuma kiasi cha kushika msumari? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika kwamba watu hujipima kwa kujilinganisha na wanaofanana nao. Baadaye Abraham Tesser akaeleza kwamba maumivu huzidi pale aliyekupita anapokuwa mtu wako wa karibu, na amekupita katika jambo unalolithamini mwenyewe. Mwanao amepatwa na yote mawili, na juu yake aliyempita ni mdogo wake. Angeshinda mtoto wa jirani, au dada yake angeshinda kwa kushona, nadhani tairi lingekuwa zima hadi leo. Kwa hiyo msumari ule unakwambia kitu kizuri pia: chuo bado anakipenda. Asiyejali haumii.

Tumbo mpeleke akapimwe kwanza, usije ukampuuza mtoto mgonjwa. Likionekana halina ugonjwa, bado usiseme anadanganya. Hofu ya mtoto mara nyingi hukaa tumboni, na maumivu anayasikia kweli.

Sasa tairi. Halijazibwa, sivyo? Baba aende naye kwa fundi, wawili tu, na mtoto achangie kidogo kutoka kwenye hela yake. Fundi ataitoa tyubu, ataijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Mwanao ndiye aizungushe polepole mpaka aone mapovu yanatokea wapi, ndiye aishike wakati fundi anakwangua na kubandika kiraka. Mikono ikiwa na kazi, mtoto wa kiume wa umri huu huongea kirahisi kuliko akikalishwa sebuleni na kuulizwa "una tatizo gani?" Hapo baba aseme: "Naona tangu mdogo wako ashinde, roho inakuuma. Hata mimi ningeumia." Kisha anyamaze. Asiongeze "lakini", kwa sababu neno hilo linafuta lote lililotangulia. Na asimwite mwenye roho mbaya. Kwenye dini mnalo neno ghibta, kutamani alichopata mwenzako bila kutaka kimtoke. Mtoto anaweza kufundishwa tofauti hiyo, ila baada ya kusikilizwa.

Zungumza na ustadhi. Mwombe, ikiwezekana, watoto wasiwe zamu moja, na huyu mkubwa asikilizwe peke yake, bila mdogo wake kumkosoa akikwama. Mkifika nyumbani, sifa zenu ziwe za kitu mlichokiona: "Juzi ile aya ilikuwa inakukwama, leo umeipita." Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliokuta kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipopewa maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Hilo linamhusu binti pia. Mkimwambia kila siku kwamba ana kichwa chepesi, siku atakayokwama ataogopa kuonekana.

Kuna ushauri utakaoupata kwa majirani, nami siupendi hata kidogo: "Huyu mwache awe wa mpira, mdogo wake awe wa dini." Mtoto akigawiwa fungu namna hiyo, mlango mmoja unafungwa mbele yake kabla hajajaribu kuusukuma. Kama anapenda mpira, nendeni mkamwangalie akicheza, na bado chuo kibaki chake.

Mpe miezi miwili hivi. Lakini akiacha kula, akikosa usingizi, au ukimsikia anasema bora asingezaliwa, usingoje hata wiki. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa au hospitali yenye huduma ya afya ya akili, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haitozwi fedha.

Limebaki la fimbo. Umesema unajuta, na mwanao hajui. Mwambie leo, akiwa anakunja nguo zake au anaosha miguu: "Kutoboa tairi ulikosea, na utalitengeneza na baba. Kukuchapa vile, mimi nilikosea. Nisamehe, mwanangu." Kisha mwache aendelee na alichokuwa anafanya.