Simenti ya muda: huua bakteria kwa muda gani?

SWALI: Nimewekewa krauni (kofia ya jino) ya muda. Simenti yake inanukia karafuu na nimeambiwa inaua bakteria. Je, naweza kukaa nayo miezi kadhaa bila jino kuoza?

JIBU: Usithubutu. Harufu hiyo ni ya yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu. Ikikorogwa na unga wa oksidi ya zinki huganda, ila ikipata unyevu huachia yujenoli kidogo kidogo. Hiyo ndiyo inayoharibu utando unaozunguka seli za bakteria, akiwemo Streptococcus mutans, mwozeshaji mkubwa wa meno. Zinki nayo huwapunguzia uwezo wa kugeuza sukari kuwa asidi.

Tatizo ni kwamba yujenoli hutoka kwa wingi mwanzoni, kisha hufifia. Wakati huohuo mate yanailamba simenti pembezoni. Imetengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili krauni ing'olewe bila kuumiza jino, na kazi yake ni ya wiki chache. Pakishafunguka mwanya, hata mwembamba kama unywele, chakula na bakteria hupenya chini ya krauni, na jino huoza huku juu pakionekana pazima. Krauni ikicheza, maji baridi yakichoma au ukihisi ladha ya uvundo, rudi kliniki siku hiyohiyo. Ikitoka, isuuze uende nayo; usiibandike kwa gundi ya dukani. Wala usipake mafuta ya karafuu kwenye ufizi, yanaunguza.

SWALI: Nasomea udaktari wa meno. Krauni ya kudumu itabandikwa kwa simenti ya rezini (aina ya plastiki inayoganda). Je, nitumie ya muda yenye yujenoli kwa sababu inaua bakteria zaidi?

JIBU: Chagua isiyo na yujenoli. Yujenoli hunasa radikali huru, chembe tendaji zinazoiunganisha rezini hadi igande, hivyo masalia yake kwenye dentini (tabaka la jino lililo chini ya enameli) huweza kuiacha rezini ikiwa laini na mshiko hafifu. Kama ilishatumika, kwangua masalia yote, sugua jino kwa unga wa pumisi na maji, suuza vizuri, ndipo uendelee na hatua za kubandika.

Kati ya zisizo na yujenoli, simenti za hidroksidi ya kalsiamu hutegemea ualkali mkali, pH ya takriban 12, ambao bakteria wengi hawauvumilii. Nazo huyeyuka haraka.

Ukilinganisha simenti maabara, usidanganywe na duara tupu, yaani eneo lisiloota bakteria kuzunguka simenti, kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria). Duara hupima kile kinachosambaa tu. Simenti inayoua kwa kugusana inaweza isioneshe chochote. Ongeza jaribio la mgusano wa moja kwa moja, na upime vipande vilivyokaa ndani ya maji siku kadhaa, si vibichi tu. Uwiano wa unga na kimiminika usibadilike: mchanganyiko mzito huachia yujenoli kidogo, na utadhani tofauti ni ya simenti kumbe ni ya mkono uliokoroga.