Moto upo, kontrola haiuoni

Waya wa laini, ule unaoleta umeme, hausumbui wanagenzi. Kila anayeanza anauogopa, anaupima mara mbili, anaukaza vizuri. Nyaya zinazotuaibisha kwenye boila za gesi ni zile mbili nyingine, nyutro inayorudisha umeme na ethi inayokwenda ardhini, kwa sababu mtu huzichukulia kama za kumalizia kazi tu.

Mimi zilinikamata kwenye hoteli moja ya pwani, njia ya Bagamoyo. Boila ndogo ya maji ya moto upande wa dobi, kichomeo cha gesi ya mitungi, kontrola mpya, kile kifaa kinachowasha na kusimamia moto, niliyoifunga kwa mkono wangu. Ijumaa niliondoka kila kitu kinakwenda. Jumamosi usiku nikapigiwa simu na mzee wa matengenezo.

"Fundi, moto unawaka, halafu unajizima. Nimebonyeza reseti mpaka kidole kinauma."

"Mzee wangu, usibonyeze tena. Funga koki ya gesi, nakuja asubuhi."

Hilo la reseti ulishike mapema. Kontrola ikijaribu kuwasha, inafungua vali ya gesi kwa sekunde chache, na isipoona moto inaifunga na kujizuia mpaka mtu aibonyeze. Kila ukibonyeza umeruhusu gesi nyingine iingie chumba cha moto. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo inatulia chini ikisubiri cheche. Reseti moja inatosha. Ya pili uwe umeshatafuta sababu.

Asubuhi nilipofika, boila ilikuwa inafanya kazi kama haijawahi kuumwa. Nilikaribia kuondoka. Kilichonizuia ni neno moja la yule mzee, kwamba usiku ule umeme ulikatika na walikuwa kwenye jenereta.

Kontrola ya aina ile haina macho. Inategemea kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto. Inapeleka volti kwenye kijiti, na moto, kwa kuwa una chembe zenye chaji, unapitisha mkondo mdogo mno, mikroampea chache tu, kutoka kijitini hadi kwenye mwili wa kichomeo. Tena moto hupitisha zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kontrola inautafuta upande huo. Ndiyo maana kijiti kikigusa chuma haidanganyiki ikadhani kuna moto. Sasa, huo mkondo ukishafika kwenye mwili wa kichomeo unarudi vipi? Unapita ethi, unakwenda mpaka pale ethi na nyutro zinapokutana, ndipo unarudi kwenye kontrola kwa njia ya nyutro. Hapo katikati pakikatika, moto utawaka mbele ya macho yako na kontrola itasema hakuna moto.

Nikaweka multimita mfululizo kwenye waya wa kijiti, mkondo upite ndani yake, kwenye mikroampea za DC, yaani mkondo wa upande mmoja. Kwa umeme wa gridi nikapata 9. Tukahamia jenereta: sifuri, na boila ikajizima. Nikapima nyutro na ethi: kwa gridi volti 1 na kidogo, kwa jenereta zaidi ya 100. Nyutro ya jenereta ilikuwa inaelea, haijafungwa ardhini popote.

"Basi tuziunganishe humu humu kwenye paneli," akasema mzee. Nilikuwa na wazo hilo hilo miaka ya nyuma, kwa hiyo sikumcheka. Ukiunganisha nyutro na ethi ndani ya paneli ya boila, siku nyutro itakapokatika huko nyuma, mwili mzima wa boila na mabomba yake unapata umeme, na wanaoyagusa ni madobi wenye mikono iliyolowa maji. Nyutro hufungwa ardhini kwenye jenereta yenyewe, pamoja na mpangilio wa swichi ya kubadilishia kati ya gridi na jenereta, na anayefanya ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wakamwita, akafanya.

Kugeuza laini na nyutro, moja ikakaa mahali pa nyingine, ni ndugu wa kosa hilo. Termostati ya kikomo, ile inayokata joto likizidi, swichi ya kiwango cha maji na swichi ya presha ya gesi hupangwa mfululizo kwenye laini. Ukigeuza, zinakata nyutro, na koili inayofungua vali inabaki na umeme upande wa pili. Waya wa upande uliokatwa na swichi ukichubuka na kugusa chuma, koili imepata njia ya kurudia: vali inafunguka wakati swichi zote zimekataa. Kwa hiyo usiamini rangi za aliyekutangulia. Pima laini na ethi, laini na nyutro, nyutro na ethi, kisha weka swichi inayokata laini na nyutro kwa pamoja.

Kwenye paneli za zamani utakuta kipande cha waya kinachoizunguka swichi mojawapo ili isikate. Kitoe, tafuta kwa nini kiliwekwa. Na waya wa cheche usiupitishe bomba moja na waya wa kijiti. Cheche ni maelfu ya volti, zitaivuruga kontrola.

Ukimaliza, usifungue gesi bado. Washa na koki ikiwa imefungwa: feni ipulize, cheche ije, usikie vali ikigonga, kisha kontrola ijizuie yenyewe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kitabu chake. Isipojizuia, fungasha vifaa, hiyo haiwashwi leo. Ikijizuia, ngoja, fungua gesi, pitisha povu la sabuni kwenye maungio, washa. Moto ukiwa umetulia, chomoa waya wa kijiti ukiwa umeshika sehemu yenye plastiki. Vali inatakiwa ifunge karibu papo hapo.

Mimi narudia yote hayo kwenye gridi na kwenye jenereta, halafu naandika mikroampea za kila upande kwa peni ya wino mzito nyuma ya mlango wa paneli, na tarehe. Pale hotelini pameandikwa 9 na 8.